Pengo Katika Laini ya Mzee Ambokile

Kazi ya Eliwaza Mbwambo ilikuwa kukata laini. Katika Nyumba ya Kumbukumbu pale Mbeya wenzake walijenga, naye alibomoa, ili kuona kama kilichojengwa kitaweza kusimama tena chenyewe.

Maelfu ya wazee wa nyanda za juu walivaa mnong'ono nyuma ya sikio, kifaa kidogo kama punje ya hindi. Kwa mtu ambaye akili yake imeanza kuvuja, mnong'ono ulisema kwa sauti aliyoisikia yeye peke yake: huyu ni mkweo, jina lake fulani, dawa umeshakunywa, mlango wa choo ni ule wa kulia. Kumbukumbu zenyewe hazikukaa sikioni. Zilikaa Mbeya, kwenye seva, na kati ya seva na sikio palikuwa na laini iliyobaki wazi siku nzima. Wahandisi waliiita soketi. Eliwaza alipokuwa akiwafundisha wageni wa kazi aliwaambia kwamba tovuti ya kawaida ni kama jirani mkali: unabisha, anakujibu, anafunga mlango, na ukitaka jambo jingine ubishe upya. Soketi ni mlango ulioachwa wazi baina ya majirani wawili, kila mmoja akasema anapotaka. Ubaya wake ni kwamba upepo ukiufunga mlango huo, mmoja anaweza kuendelea kuongea bila kujua kwamba hasikiki tena.

Kwa sababu hiyo aliandika roboti. Hazikuwa za chuma, zilikuwa programu tu, na kila moja ilijifanya mzee. Zilifungua laini kwa mamia, seva ikawa inaziuliza kila baada ya muda, "Upo?" nazo zinajibu, "Nipo." Kisha katikati ya neno, laini ilikatwa. Mara nyingine kwa kufumba na kufumbua, mara nyingine kwa muda mrefu wa kutosha mtu kupika chai na kuimaliza. Kilichotakiwa ni kwamba laini irudi yenyewe, na mnong'ono uendelee pale pale ulipoishia, bila kuruka neno wala kulirudia. Eliwaza hakuwa na mzaha na hilo la kurudia. Alisema mzee akiambiwa mara mbili kwamba mwanawe amefariki, huo si msaada tena, ni ukatili.

Jumanne moja alasiri majaribio yote yalitoka kijani, yaani yamefaulu, isipokuwa moja. Kwenye skrini yaliandikwa maneno mafupi: *Kilichotarajiwa: kimya. Kilichopatikana: sauti.*

Ilikuwa hivi. Laini inapokatika, mnong'ono huhifadhi sauti zinazomzunguka mvaaji, ili laini ikirudi zipelekwe kwenye seva na kumbukumbu zake zisiwe na tundu. Roboti haina kinachoizunguka, kwa hiyo huhifadhi kimya, na jaribio likiisha kimya hicho hufutwa. Jana yake tu Eliwaza alikuwa ameongeza hatua mpya: kabla ya kufuta, kikaguliwe kama kweli ni kimya. Alidhani kuna mwenzake aliyechanganya faili. Akavaa vipokea sauti, akasikiliza.

Kwanza alisikia mvua juu ya bati. Halafu sauti ya mwanamume, ya mtu mzima sana, aliyekuwa anachagua maneno.

"Samahani, dada. Nimekukuta umekaa peke yako. Naweza kukaa hapa, au kuna mtu unamsubiri?"

Mwanamke akajibu taratibu, "Kaa tu. Hakuna ninayemsubiri."

Kiti kikalia. Mvua ikaendelea. Kisha yule mwanamume akasema kwamba mikono ya huyo dada ni ya mtu anayejua kazi, na mwanamke akacheka chini chini, kama anayeogopa kumwamsha mtoto.

Eliwaza akavivua vipokea sauti haraka. Roboti zake hazikujua kuomba kiti. Alikuwa ameingia nyumbani kwa watu.

*

Haikuchukua muda kujua ni nani. Laini ilikuwa ya Ambokile Mwakyoma wa Tukuyu, mwonjaji wa chai mstaafu, mmoja wa wazee waliojitolea kuvaa mnong'ono ulipokuwa bado unajaribiwa. Wakati huo laini yake iliwekewa alama ya majaribio. Mnong'ono ukaanza kutumika rasmi, wazee wengine wakaondolewa alama ile, yeye akasahaulika. Na roboti za Eliwaza zilifundishwa kukusanya kila laini yenye alama hiyo na kuikata. Kwa miezi mingi, kila siku ya kazi baada ya chakula cha mchana, mtu aliye hai aliachwa bila majina, bila nyumba, bila mke, mpaka jaribio lilipoisha. Na kwa kuwa sauti zilifutwa, seva haikujua, na yeye mwenyewe hakujua.

Alikwenda kwa mkuu wake, Salha, mwanamke mwenye haraka lakini si katili. Salha alisikiliza akiwa amesimama, uso ukabadilika, akasema alama iondolewe saa hiyo hiyo na familia iandaliwe maelezo na radhi. Eliwaza aliiondoa kabla hajaketi. Alijaribu kufanya kazi nyingine, akashindwa. Jioni ile alijikuta anafikiria kiti kilicholia.

Alitegemea lawama kutoka Tukuyu. Ilipofika Ijumaa, kijana wa huduma kwa wateja alimletea simu akiwa amekunja uso. Alisema kuna bibi analalamika kwamba kifaa cha mumewe kimeharibika, lakini yeye amekikagua kwenye ukurasa wa familia, ambako ndugu huona hali ya kifaa, na laini ni kijani tangu asubuhi, haijayumba hata kidogo. Bibi akiambiwa hivyo anajibu kwamba ndilo analolalamikia.

Eliwaza akaipokea simu, akamwamkia, akajitaja.

"Marahaba, mwanangu," sauti ile ile ya kicheko cha chini ikasema. "Kila siku mchana laini ya mume wangu hukatika. Juzi haikukatika, jana haikukatika, na leo nimekaa nje hadi viazi vimeungua. Naomba mnirekebishie."

*

Alikwenda kwa gari la waya linalopita juu ya Uyole na mabonde ya Kiwira, na chini yake aliona mashine za kuchuma chai zikitambaa mistarini kama kobe, kila moja na taa yake ya njano ndani ya ukungu. Hakwenda kurekebisha. Alikwenda kusema uso kwa uso yale ambayo hayafai kusemwa kwa simu.

Mzee Ambokile alimpokea mlangoni. Alikuwa mrefu, amenyooka, na kabla ya kila jina aliinamisha kichwa kidogo kama mtu anayeitwa kutoka mbali. "Karibu, Eliwaza Mbwambo," alisema, "mhandisi wa Mbeya. Huyu ni mke wangu, Tusekile." Kila neno lilikuwa sahihi. Alipoanza kutengeneza chai, kichwa kile hakikuinama tena. Alinusa majani, akamwaga maji kwa jicho tu, akavuta funda moja kwa mlio, akasema haya yalichumwa jua likiwa limeshapanda, mchumaji alichelewa. Seva haikuwa na habari hiyo. Ulimi wake ulijihifadhia mambo yake.

Alipokwenda nyuma kuwaona kuku, Bibi Tusekile akavuta sufuria ya ndizi akaanza kumenya, naye Eliwaza akachukua kisu kingine. Akamweleza yote: alama, roboti, makosa ya ofisi, sauti aliyoisikia bila ruhusa. Akaomba radhi. Bibi akamenya ndizi mbili tatu kabla ya kusema.

Alisema yeye na mumewe waliozwa. Mjomba wa Ambokile ndiye aliyekuja kwao, akazungumza na baba yake, ng'ombe wakahesabiwa, na yeye uso wa mume aliuona vizuri siku alipopelekwa. Hakuwa na ugomvi na hilo. Walilea, walijenga, hakupigwa, hakutukanwa, na alipougua homa ya mapafu Ambokile alimbeba mgongoni kutoka barabarani hadi zahanati. Lakini mume wake alikuwa mtu wa vitendo. Katika maisha yao yote hakuwahi kumwambia kwa kinywa chake kwamba anampenda, wala yeye hakumuuliza, kwa sababu mambo hayo hayakuwa ya kuulizana.

"Siku ya kwanza laini ilipokatika niliogopa sana," alisema. "Tulikuwa tumekaa barazani. Niliona macho yake yanapotea. Nikasema basi, ndiyo tumefika. Akanitazama, akainuka, akaweka kola ya shati sawa. Akaniomba ruhusa ya kukaa."

Tangu hapo ilikuwa hivyo karibu kila mchana. Kwa kuwa ya jana hakuyakumbuka, kila mara alianza upya. Siku moja alisifu namna mkewe anavyosuka ukili wa mkeka. Siku nyingine alimwonyesha kuku wao wenyewe, akasema ni wa jirani fulani mwenye bahati. Siku moja alimuuliza kama ana mume.

"Nikamwambia ninaye. Alinyamaza, mwanangu, mpaka nikamhurumia. Akasema, basi huyo bwana ana bahati. Akaniaga kwa adabu akaenda kusimama kule kwenye migomba mpaka laini iliporudi." Bibi akaweka kisu chini. "Tangu siku hiyo nasema sina."

Eliwaza alicheka, kisha akaona si la kucheka tu. Akauliza kama kila siku ilikuwa tamu namna hiyo.

Bibi Tusekile alitazama kwanza nyuma ya nyumba, akasikia mzee akiwasemesha kuku. Akasema kuna siku Ambokile alimwona yeye ni mwizi. Alikimbilia stoo, akajifungia, akamlilia mama yake, ambaye alikufa kabla Tusekile hajaolewa. Yeye alikaa nje ya mlango akamwimbia nyimbo za kanisani mpaka laini iliporudi. Mume akatoka, magoti yana unga, akauliza alikuwa anafanya nini mle. Akamwambia alikuwa anatafuta jembe. Na jambo hilo lilitokea zaidi ya mara moja.

"Nilivumilia siku hizo kwa ajili ya zile nyingine. Sasa niambie wewe uliyesoma, ni dhambi?"

"Sijui, bibi. Najua siwezi kuirudisha. Mtu hawezi kutiwa gizani bila kuambiwa, hata kama mwenzake anapata furaha."

"Sawa," Bibi alisema. Hakukasirika, lakini sauti yake ilikaza. "Na yale mnayomnong'oneza mchana kutwa, mimi mliniuliza? Nikiwa na huzuni ananishika mkono. Zamani hakunishika. Sijui kama ni yeye anayenishika, au ni nyinyi."

Eliwaza aliujua ule mnong'ono. *Mke wako ana huzuni. Mshike mkono.* Ulipita mikononi mwake ukiwa jaribio kama majaribio mengine. Alihakikisha kwamba unafika kwa wakati, haurudiwi, na haukatiki katikati. Hakuwahi kujiuliza anayeshikwa mkono anabaki na nini. Alimenya ndizi yake mpaka ikaisha, kisha akasema la pekee aliloliona ni la haki: Mzee Ambokile aulizwe mwenyewe.

Bibi Tusekile akaogopa waziwazi. Alisema mzee akijua atamwona mke wake ni mwongo. Lakini baada ya ndizi kuinjikwa alijifuta mikono, akaenda kumwita.

*

Walimwambia barazani. Eliwaza alieleza upande wa ofisi, Bibi akaeleza upande wake, na hakuruka stoo. Mzee alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, si kwa ajili ya mnong'ono safari hii. Walipomaliza akaomba aisikie ile sauti. Ilikuwa imehifadhiwa kama ushahidi wa jaribio lililoshindwa. Eliwaza akamtazama Bibi, Bibi akaitikia kwa kichwa.

Mvua ya siku nyingine ikanyesha katikati yao. Mzee Ambokile akajisikia mwenyewe akiomba kiti. Akasikia sifa ya mikono. Akasikia kicheko cha mkewe, na hapo aliinua uso, kwa sababu kicheko hicho hakuwa akikifahamu.

Ilipoisha alimgeukia Eliwaza.

"Hodari huyu," alisema. "Kamwambia mke wangu maneno ambayo mimi sikuwahi kumwambia."

"Ni wewe, mume wangu."

"Ni mimi, lakini mimi sikuwepo." Akasugua magoti yake kwa viganja. Wivu na aibu vilipishana usoni mwake waziwazi, kwa kuwa hakuwa na desturi ya kuvificha. Kisha akauliza swali ambalo Eliwaza hakulitegemea. Aliuliza kama yule mtu, anapokuwa peke yake huko, anateseka.

Bibi alimjibu kwamba siku nyingine anateseka. Siku nyingi hateseki. Siku nyingi ana raha kuliko mumewe huyu aliyeketi pale.

Mzee akafikiri. Alisema hapendi kutolewa nyumbani kwake kwa nguvu, na roboti au na mtu. Kufanyiwa hivyo miezi yote bila kujua kulimuuma, na ofisi ijue kwamba kumemuuma. Eliwaza akasema ofisi itajua. "Lakini mtu akiondoka mwenyewe," mzee akaendelea, "akaaga, hiyo ni safari tu. Nipe mimi kifungio. Nikitaka kwenda, nifunge mwenyewe."

Eliwaza akalazimika kumweleza ugumu wake, na alieleza polepole. Akishafunga laini, yule atakayebaki kitini hatajua kwamba kuna laini. Hatajua ana kitu sikioni. Anayefunga anaweza kuamua kurudi, lakini anayebaki hawezi, kwa sababu hajui kama ametoka. Mfumo wote ulijengwa urudishe laini wenyewe kwa sababu hiyo hasa.

"Kwani mke wangu anakwenda wapi?" mzee aliuliza. "Mimi nifunge, yeye afungue. Akiona naogopa, afungue papo hapo."

Bibi Tusekile alikuwa amekunja mikono mapajani. Akasema bila kumtazama, "Na kama nitakawia kufungua makusudi? Siku ikiwa nzuri?"

"Utakawia," mumewe alisema. "Nakujua. Halafu utafungua."

*

Salha alikataa. Alikataa kwa sababu nzuri, na hilo ndilo lililomchosha Eliwaza, maana mtu akikataa kwa ujinga unajua pa kuanzia. Alisema wanachotaka kutengeneza ni ufunguo wa akili ya mtu kukaa mkononi mwa mtu mwingine. Leo ni Bibi Tusekile. Kesho ni mwana anayetaka baba atie sahihi hati ya shamba akiwa hajui ni shamba la nani. Eliwaza alikubali kwamba hilo linawezekana. Akasema pia kwamba kwa sasa ufunguo huo uko mikononi mwao wao wawili, hapa Mbeya, na wameushika miezi mingi bila mtu yeyote kuwapa.

Walibishana siku kadhaa, ofisini na kwenye chai. Salha alipendekeza mashine iamue: mapigo ya moyo yakipanda kwa hofu, laini ijifungue. Eliwaza akatoa kumbukumbu za mapigo, ambazo kifaa hupima hata laini ikiwa imekatika. Akaweka siku ya stoo kando ya siku ya kiti, bila kutaja ipi ni ipi. Mistari ilipanda sawasawa. Salha aliitazama kwa muda mrefu, akachagua mmoja kuwa ndio wa hofu, akakosea.

Hatimaye alikubali laini moja tu, kwa masharti. Mzee aulizwe kwa siku tofauti, laini ikiwa wazi na mkewe hayupo karibu, na jibu lake liwe lile lile kila mara. Lilikuwa lile lile. Mara ya mwisho alimuuliza Salha mwenyewe kama Mbeya wana tatizo la kusikia.

Ndipo Eliwaza akaanza kuandika majaribio ambayo hakuwahi kuyaandika. Roboti zake zilizoea kukatwa. Sasa alizifundisha kuondoka. Mwanzoni kila kitu kilikuwa chekundu. Roboti ilifunga laini kwa hiari, na seva, kabla hata ya kupumua, ikaivuta tena, ikauliza, "Upo? Upo? Upo?" Programu yote ilikuwa imelelewa kuogopa kimya. Alipita mstari kwa mstari akiifundisha tofauti kati ya aliyekatika na aliyeaga. Akajaribu mfunguaji anayefungua mapema, anayechelewa, anayebonyeza mara mbili kwa kutetemeka. Akajaribu mfunguaji ambaye bangili yake ya kufungulia laini imezimika, na mfunguaji aliyeanguka akazimia. Hapo laini ilitakiwa irudi yenyewe kabla giza halijaingia. Akaondoa pia ile hifadhi ya sauti. Mvaaji akifunga kwa hiari yake, kifaa kisisikilize chochote.

Jaribio gumu kuliko yote halikuwa na kitu ndani yake. Roboti inaaga, seva inanyamaza, na jaribio linafaulu kwa kusubiri. Eliwaza aliliangalia likisubiri, akagundua amekaa kwenye ukingo wa kiti.

Siku majaribio yote yalipotoka kijani, Salha alipita nyuma yake, akaweka mkono begani mwake, akaendelea na safari zake.

*

Tukuyu mvua ilikuwa imetoka kupiga, migomba inadondosha maji. Mzee Ambokile alikuwa amenyoa. Shati lilikuwa jeupe na limepigwa pasi. Eliwaza alimfunga Bibi Tusekile bangili ya kufungulia, akamwonyesha namna ya kubonyeza, na Bibi akamwonyesha yeye mara tatu kwamba ameelewa.

Mzee akaketi barazani, akaweka kidole nyuma ya sikio. Akamgeukia mkewe. Akaaga kama anayekwenda sokoni, akasema hatakaa sana. Kisha akabonyeza.

Eliwaza aliona macho yakipotea, kama alivyoambiwa. Akaingia jikoni, akavuta mlango, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa na simu mapajani. Kwenye ukurasa wa familia nukta ya kuonyesha hali ya laini haikuwa kijani wala nyekundu. Ilikuwa na rangi ya chai, rangi mpya waliyoipa walioaga. Hapakuwa na sauti ya kusikiliza, naye alikuwa ameamua hivyo mwenyewe, lakini sasa aliona jinsi uamuzi huo ulivyo mzito. Dole gumba lake lilikuwa juu ya kitufe cha dharura. Kutoka nje alisikia mnong'ono wa kawaida wa watu wawili, wa midomo na masikio tu. Kikapita kimya kirefu, akainuka nusu. Halafu akasikia mwanamke anacheka, si chini chini, akakaa tena.

Chungu kilichokuwa jikoni kilichemka, akakiepua. Kikapoa. Bibi Tusekile alikawia, kama mumewe alivyosema.

Kisha nukta ikawa kijani. Seva ikauliza, kifaa kikajibu, hakuna neno lililoruka wala kurudiwa. Eliwaza akafungua mlango taratibu.

Viti vilikuwa vimesogezwa pamoja. Mzee Ambokile alikuwa ameinamisha kichwa, anapokea majina yake yakirudi moja moja: jina la nyumba, la wanawe, la mgeni, la mwanamke aliye kando yake. Alipoyapata yote akatazama huku na huku kama mtu aliyeshuka kwenye gari la waya. Alimtazama mkewe usoni kwa muda. Mashavu ya Bibi Tusekile yalikuwa na machozi, na alikuwa hajajisumbua kuyafuta.

"Ameogopa?" mzee aliuliza.

"Hapana. Leo hakuogopa."

"Kakwambia nini?"

Bibi Tusekile akatazama migomba. "Hayo ni yangu na yeye," alisema.

Mzee Ambokile aliyatafakari maneno hayo. Eliwaza, aliyesimama mlangoni na chungu mkononi, alidhani amekasirika. Lakini mzee aliinuka, akaweka kola yake sawa, akasema kwamba kama ndivyo, basi kesho ataondoka mapema kidogo, ili huyo bwana asiwe anaongea kwa haraka.